Matrekta Yaliyolazwa

Chumba cha viti kilikuwa na viti vingi kuliko matrekta ambayo kiwanda kile kingeweza kuyaunda tena hadi mwisho wa dunia. Vilipandanishwa mpaka vikagusa dari, vyeusi, vimeshiba sponji, vinanuka gundi, na bado wanawake wa chumba kile walikuwa wanashona vingine. Walilipwa kwa kiti, si kwa saa, na mtu anayelipwa kwa kiti haulizi kiti kinakwenda wapi.

"Mwenzangu," alisema Bi Mkasi, aliyekaa mashine ya jirani, "hivi mara ya mwisho kusikia trekta likiunguruma humu ndani ilikuwa lini?"

Mshonaji hakuinua macho. Sindano ilikuwa imefika kwenye kona, na kona ya kiti cha trekta haisamehe mtu.

"Juzi," alijibu.

"Juzi lilikuwa lori la taka."

Chumba kizima kikacheka, kicheko cha watu wanaojua wanachekea nini lakini hawajataka kukitaja. Kicheko hakijaisha mlango ukafunguliwa. Msimamizi wao aliingia kwanza, mikono nyuma kama mtu aliyefiwa, na nyuma yake akaja mwanamke wa makamo, viatu vya chini, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wote walikwisha kusikia habari zake. Ndiye mfilisi, mtu anayetumwa na benki kuja kuhesabu mifupa ya kampuni iliyokufa.

"Samahanini, mama zangu," alisema. "Naomba mzime mashine."

Mashine zikazimwa moja moja. Ya mshonaji ilibaki na sindano ndani ya ngozi, nusu ya mshono.

Mfilisi hakuzunguka mbuyu. Kiwanda kinafungwa. Mshahara wa mwezi ule hauna fedha. Anayependa anaweza kuchukua thamani yake kwa viti.

"Kiti bila trekta?" aliuliza Bi Mkasi.

"Ndicho kilichopo, mama."

"Nikakikalie wapi, jikoni?"

"Ukipenda."

Alijibu bila kejeli, na hilo ndilo lililowanyamazisha. Mtu akikutukana unajua pa kushika. Huyu alikuwa anawaambia ukweli kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia.

Mshonaji alikwenda nyumbani na kiti kimoja kichwani. Mtaa ule wote ulikuwa wa kampuni, nyumba zimepangwa mistari kama meno, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na hapakuwa na njia ya uchochoroni. Vijana waliokaa ukingoni mwa mtaro walimwona tangu mbali.

"Mama, trekta lenyewe liko nyuma linakuja?" mmoja aliuliza kwa adabu zote.

"Linatafuta maegesho," alijibu, na akapita. Jibu lilikuwa tayari mdomoni kwa sababu alikuwa ameolewa na mtu mwenye majibu.

* * *

Mumewe aliitwa Kinanda. Hakuna aliyekumbuka nani alimpa jina hilo, ila kila aliyemsikia akiuza trekta alilielewa. Alikuwa wakala wa mauzo wa kampuni. Angeanza chini, taratibu, na injini. Akapanda kwenye magurudumu. Akafika kwenye watoto wa watoto wako watakaolima kwa mashine hiyohiyo. Na alipomaliza mteja alikuwa ameshika kalamu hajui alipewa saa ngapi. Alikuwa na koti la bluu, zawadi ya kampuni kwa muuzaji bora, na jioni ile mshonaji alimkuta amelitandaza mezani analipiga pasi.

"Kesho kutwa tunakwenda kwa kaka," alisema kabla hata ya kumpa pole ya kiti.

"Kuna heri?"

"Kuna kazi. Mfilisi anakagua mauzo. Kila wakala anampeleka kwa wanunuzi wake ambao hawajamaliza kulipa."

Mshonaji alikitua kiti sakafuni, akakaa juu yake. "Kaka yangu hajamaliza kulipa?"

"Kwenye karatasi."

"Kaka yangu hajaanza kulipa. Hajaanza kwa sababu hakununua kitu. Wewe ulilaza trekta kwake."

Kulaza lilikuwa neno la mawakala wenyewe. Kila mwisho wa mwaka wenye kampuni walikuja kuhesabu, na sheria yao ilikuwa moja: yadi iwe tupu. Wakala aliyebakiza trekta yadini alibaki na aibu, na baada ya aibu alibaki bila kazi. Basi mawakala wakajifunza. Zikikaribia siku za hesabu, trekta lisilopata mteja lilipakiwa kwenye lori, likapelekwa kwa binamu, kwa mkwe, kwa rafiki mwenye uwanja mpana, likafunikwa turubai. Ndugu anatia sahihi kwamba amenunua kwa mkopo. Trekta linalala pale, likipata mnunuzi wa kweli linaamshwa. Ilianza kama ujanja wa mmoja, ikawa njia ya wote. Hata wasimamizi waliijua, na walicheka nayo kwenye sherehe za kugawa makoti.

Kinanda alikuwa ameamsha yote aliyoyalaza, isipokuwa lile la shemeji yake. Lilikuwa kubwa mno. Kampuni ilikuwa imeamua kuunda matrekta ya mashamba yasiyo na mwisho, na wakulima wa pande zile walikuwa na mashamba ambayo ukirusha jiwe linatua kwa jirani.

"Sasa sikiliza," alisema Kinanda, akageuza mkono wa koti. "Kaka akisema amenunua, mauzo yangu yote yanahesabiwa safi. Napata kiinua mgongo changu chote. Miaka yote hii, mke wangu. Tunanunua kiwanja, tunasimamisha vyumba viwili, tunatoka kwenye nyumba ya watu."

"Na akisema hakununua?"

"Basi mimi ni mwongo, na mwongo hana kiinua mgongo. Ndivyo alivyosema yule mama, kwa upole, kama anakukaribisha kiti."

"Na shamba lake?"

Pasi ilisimama. Shamba la kaka liliwekwa rehani kwa ajili ya mkopo ule. Ndivyo karatasi za kampuni zilivyotaka, na Kinanda alikuwa amesema ni maneno ya mapambo tu.

"Shamba haliondoki siku moja," alisema. "Watampa muda. Kiinua mgongo kikitoka, namlipia deni, shamba linarudi huru. Hakuna anayepoteza. Umeona? Ni suala la kupanga foleni tu, nani atangulie."

Ilikuwa hesabu nzuri. Ilianza chini, taratibu, ikapanda, na mshonaji alijikuta karibu ameshika kalamu. Alikuwa amechoka na nyumba ya kampuni, ambako hata kupigilia msumari ukutani ni mpaka uombe. Alishakichora kile kiwanja akilini: jiko nje upande usio na upepo, na dirisha la chumba cha kushonea litazame barabara.

"Kiinua mgongo kitatoka lini?" aliuliza.

"Karibuni."

"Mshahara wangu wa mwezi huu nimeukalia, mume wangu. Huu hapa, wa sponji. Cha kwako kitatoka cha fedha?"

"Mawakala ni habari nyingine," alisema Kinanda, na akarudi kwenye koti.

Mshonaji hakulala kwa raha usiku ule. Kilichomkera zaidi si sahihi ya kaka bali aliyeiomba. Siku lile lori lilipofika, kaka yake hakumsikiliza Kinanda hata kidogo. Aliusikiliza wimbo wote kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akamgeukia dada yake. "Wewe unasemaje?" Naye akasema, weka sahihi kaka, ni ya muda tu. Kaka akaweka.

* * *

Mfilisi aliendesha pikapu mwenyewe, dirisha wazi. Kinanda alikaa katikati kwa sababu ndiye aliyekuwa na maneno.

"Kilichoua kiwanda hiki, mama, ni wakulima," alisema. "Mkulima anachukua mashine, halipi. Hapo kampuni gani itasimama?"

"Huenda," alisema mfilisi.

"Na mashine za nje. Za bei chee. Zimejaa."

"Hizo nazo."

Kinanda alijaribu mara mbili zaidi, kisha akaanza kunyoosha mikono ya koti lake la bluu.

Kaka yake walimkuta shambani na jembe la mkono, yeye na mkewe, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na mstari wake. Hatua chache tu kutoka hapo, ubavuni mwa nyumba, lilikuwapo trekta. Turubai lilikuwa limechanika pale lilipokutana na bomba la moshi. Ndani ya gurudumu la nyuma kuku alikuwa amejijengea, amelalia mayai, akawatazama wageni kwa jicho la mwenye nyumba.

"Karibu, wifi," alisema mke wa kaka. Alimpa mshonaji mkono, akautoa upesi.

Wanaume wakaenda nyuma ya ghala. Mfilisi alizunguka trekta taratibu, akainua turubai, akavaa miwani, akaivua. Mawifi wawili wakabaki na beseni la maharage ya kuchambua kati yao.

"Mnaendeleaje?" mshonaji aliuliza.

"Sisi? Sisi ni matajiri." Wifi yake alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Hujui? Kaka yako huku anaitwa Tajiri. Mbolea ya ruzuku ilipokuja tulikwenda kujiandikisha. Karani akacheka. Mwenye trekta anataka mbolea ya maskini? Tukarudi na gunia letu tupu. Mchango wa shule, tunaandikiwa mara mbili ya wenzetu. Majirani wanakuja, tulimie basi, tutalipa mafuta. Tunakataa, maana mume wako alisema lisiguswe, saa ya injini isisogee, litauzwa kama jipya. Wanaondoka wanasema tuna roho mbaya. Sasa ukipita na jembe begani, umeliacha trekta nyumbani, watu wanakuonaje?"

"Wifi…"

"Sikulaumu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ila mimi nilidhani wa kwao ni wa damu tu, kumbe na wa kuolewa nao wana sahani."

Mshonaji aliinamia maharage. Aliona vidole vyake vinachambua upesi, kama vinalipwa kwa punje.

Wanaume walirudi. Kinanda alikuwa ameweka mkono begani kwa shemeji yake. Kaka alimwangalia dada yake mara moja, na safari hii hakumuuliza kitu. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mfilisi, akaweka viganja vyenye udongo juu ya magoti.

"Mzee," alisema mfilisi, "nitakuuliza jambo moja. Trekta hili ulilinunua?"

Kuku alitoka gurudumuni, akajikung'uta, akaenda zake.

"Nililinunua," alisema kaka.

"Kwa hiari yako."

"Ndiyo."

"Mbona hulimii?"

"Nalitunza."

Mfilisi alitazama turubai, akatazama jembe lililoegemezwa ukutani, udongo wake bado mbichi. "Naona ninachokiona," alisema. "Lakini macho yangu si ushahidi. Mtu mwenye sahihi akisema amenunua, amenunua. Utapewa mpaka mwisho wa msimu. Usipolipa, shamba litauzwa na benki. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Shemeji ni muungwana," alisema Kinanda kwa upole. "Hatuna wasiwasi naye."

Mke wa kaka aliinuka, akaingia ndani. Mlango wake ulikuwa wa pazia; hakuwa hata na mlango wa kubamiza. Mshonaji alilitazama pazia likitulia. Alielewa kilichofanyika nyuma ya ghala. Kinanda hakuwa amemwambia kaka yake kuhusu deni wala foleni. Alikuwa amemwambia: dada yako atalala wapi? Hapo hapakuhitaji wimbo.

Mfilisi alitoa kalamu.

"Hakununua," alisema mshonaji.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, akairudia. "Hakununua, mama. Lililazwa."

"Mke wangu hajui mambo ya mauzo," alisema Kinanda upesi, akitabasamu. "Yeye anashona viti."

"Nashona viti, na nilikuwepo. Lililetwa na lori siku chache kabla ya hesabu. Kaka hakuomba trekta. Mimi ndiye niliyemwambia aweke sahihi, nikamwambia ni ya muda. Halijawahi kukanyaga shamba hili. Waulize majirani kama limewahi kuwalimia hata bustani."

"Dada," alisema kaka yake kwa sauti ya chini, "acha."

"Siachi. Ulishika jembe mbele ya trekta kwa ajili yangu. Imetosha."

Mfilisi hakuwa ameandika kitu. "Unajua maana ya unachosema? Kiinua mgongo cha mumeo kinakwenda."

"Najua."

"Ni cha nyumba yako pia."

"Najua, mama. Nilishakipangia hadi jiko."

Mfilisi alimgeukia Kinanda. "Nawe unasemaje?"

Kinanda alifungua mdomo. Mshonaji alimwona akitafuta pa kuanzia, injini au magurudumu, na asipapate. Akatazama viatu vyake, akavua koti, akalikunja mara mbili, akalishika chini ya kwapa.

Ndipo mfilisi akaandika. Alipomaliza alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesafiri mbali.

"Wewe ni wa kwanza," alimwambia mshonaji.

"Wa kwanza wa nini?"

"Kusema. Nimekwenda na mawakala wengi. Kila uwanja una kitu chini ya turubai, na kila mtu anakula kiapo kwamba amenunua. Mwingine trekta lake limeota mboga."

"Lakini ilikuwaje kiwanda kisijue?" aliuliza kaka. "Kiwanda kizima, wasomi wamejaa?"

"Wenye kampuni waliona yadi tupu. Yadi tupu, kwao, ilikuwa wateja wengi. Wakasema tukiunda zaidi tutauza zaidi. Wakakopa, wakajenga karakana ya pili. Karakana ya pili ikajaza yadi upya, na mwisho wa mwaka mawakala wakaimwaga tena. Mwaka uliofuata wakakopa tena kwa sababu ya yadi hiyo tupu." Alifunga kalamu. "Kiwanda kilikuwa kinajiuzia chenyewe, mzee. Ninyi mlikuwa stoo yake."

"Na hakuna aliyekuja kuangalia?"

"Walikuja kila mwaka. Waliangalia yadi."

Kaka alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini kilikuwa cha kweli, na mkewe akachungulia pazia kuona kuna nini.

"Mama watoto," alimwita, "njoo utoe mayai yako. Trekta linaondoka. Kuanzia leo sisi ni maskini wa kawaida."

* * *

Liliwashwa kwa nyaya kutoka kwenye betri ya pikapu, likakohoa, likatoa moshi mweusi na majani ya kiota, likakubali. Mfilisi alimwambia Kinanda alipeleke yadini, yeye atatangulia. Akamfungulia mshonaji mlango wa gari.

"Nitakwenda na mume wangu," alisema mshonaji.

Alipanda akakaa juu ya bawa la gurudumu, mkono mmoja umeshika chuma. Barabara ilikuwa ya udongo na trekta lilikwenda mwendo wa ng'ombe. Kinanda aliendesha macho mbele. Hakumtukana, hakumlaumu, hakuuliza kwa nini. Angepiga kelele, mshonaji angejua pa kujibia. Mume anayenyamaza, aliwaza, ni kama mashine inayonyamaza. Hujui kilichokatika kiko wapi.

Walipofika kwenye njia panda, mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli aliinua mkono. Alikuwa mkulima, kofia ya jua, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kinanda alisimama, akaacha injini ikitetemeka chini.

"Habari za safari, ndugu zangu. Hilo linauzwa?"

"Linarudi kiwandani," alisema Kinanda.

"Nasikia watayauza yote kwa mnada, bei ya kutupa." Mkulima aliiweka baiskeli yake chini kabisa, kama mtu aliyefika. "Nimeuza mavuno vizuri mwaka huu. Mimi na ndugu zangu tumeunganisha mashamba, sasa tuna eneo. Miaka mingi nataka trekta. Mawakala wenu sikuwahi kuwaona huku. Nasikia walikuwa wanaishia kwa shemeji zao."

Mshonaji aligeuza uso. Alijua kinachokuja. Aliona bega la mumewe likinyooka, kidevu kikipanda, na kiganja chake kikishuka juu ya bati la injini kama mtu anayempapasa farasi.

"Ndugu yangu," Kinanda alianza, taratibu, kutoka chini, "injini hii…"

Mkulima alisogea. Macho yake yaling'aa kama ya wote waliowahi kusogea.

"Injini hii," alirudia Kinanda, na hakuendelea.

"Eeh, injini," mkulima alimsaidia. "Ni nzima?"

"Ni nzima."

"Na vipuri? Nikipata shida navipata wapi?"

Injini ilitetemeka. Nzi alikuja akatua kwenye usukani, akaondoka.

"Hupati," alisema Kinanda. "Aliyekuwa anavitengeneza amefungiwa mlango. Pampu ikifa, trekta lote limekufa. Na hili ni kubwa, linakunywa mafuta ya matatu. Usinunue hapo mnadani, ndugu yangu, hata wakikupa kwa nusu ya nusu. Fedha yako itafutie trekta dogo, mashine ambayo fundi wa karibu anaijua."

Mkulima alimtazama, kisha akamtazama mshonaji, kama anayetaka kujua kama ni mzaha. "Wewe si wakala?"

"Nilikuwa wakala."

"Wakala gani anamwambia mtu asinunue?"

"Nilikuwa mzuri sana," alisema Kinanda.

Mkulima aliitikia kwa kichwa, polepole. Akashukuru, akainua baiskeli, akashika njia yake. Mara mbili aligeuka kuwatazama.

Kinanda alikuwa amekwisha kukanyaga klachi. Hakuingiza gia. Alikaa vile, mguu chini, mkono juu ya usukani.

"Tutaishi wapi?" alisema bila kugeuka.

Lilikuwa swali. Mshonaji alilisubiri jibu lake, lile ambalo kila mara lilikuwa limeshatangulia mfukoni mwa mumewe kabla ya swali kufika. Halikuja. Mtu yule alikuwa anauliza tu, na anangoja kuambiwa.

"Sijui," alisema. "Zima injini."

"Nikizima halitawaka tena hapa. Betri imekufa."

"Naelewa. Zima, nisikie unavyosema."

Akazima.